Mahari: Bei au Ahadi?

Wako watu wasemao kwamba mahari ni bei ya mwanamke, na kwamba ndoa ya jadi ni soko lililovikwa nguo za heshima. Wako na wengine wasemao kuwa bila ya mahari hapana ndoa. Kila upande una hoja, nasi yatupasa kuzipima kabla ya kuhukumu.

Katika makabila mengi ya Kenya, ndoa haikuwa shauri la mume na mke peke yao. Mshenga alitumwa, wazee wakakutana, mifugo ikahesabiwa, na siku ya kula na kunywa ikawekwa. Mambo hayo yalichukua miezi, pengine miaka, na katika muda huo koo mbili zilipata kujuana tabia. Ukipenda boga, penda na ua lake. Kwa Waluo, ng'ombe waliopokewa kwa ajili ya binti mara nyingi walimwezesha ndugu yake wa kiume kuoa. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa nguzo ya nyingine. Mume na mke walipogombana, wazee hawakuweza kusema kuwa hayo hayawahusu. Walikaa, wakasikiliza, wakaonya na kupatanisha. Maarusi walikuwa na wadhamini, na watoto walikuwa na wengi wa kuwalea.

Lakini kamba ifungayo mzigo usianguke yaweza pia kumkaba mchukuzi. Mwanamke aliyepigwa akikimbilia kwao, pengine alirudishwa kwa mumewe kwa kuwa ng'ombe walikwisha kutumika na hapakuwa na wa kuwalipa. Hata leo yuko mzazi ambaye kwa dhiki au kwa tamaa humtoa bintiye shuleni ili apate mifugo, na yuko kijana mwaminifu ashindwaye kuoa kwa sababu ya ufukara. Kuipenda mila hakutupi ruhusa ya kuyaficha mambo haya.

Basi tutayatambuaje mahari ya haki? Kitu kinunuliwacho hakiulizwi. Mbuzi hana kauli sokoni. Bali kwa Wakikuyu, binti aliulizwa mbele ya jamaa kama pombe ya posa inywewe, na ridhaa yake ndiyo iliyofungua njia. Kwa Waislamu wa pwani, mahari ni mali ya mke mwenyewe, wala si ya baba yake. Tena auzaye kitu hakifuatii tena. Lakini mzazi mwema huendelea kuuliza hali ya mwanawe hata baada ya arusi. Ridhaa ikikosekana na ulinzi ukikoma, mahari yamegeuka kuwa bei, hata kama kila desturi imetimizwa.

Sheria za nchi zimeelekea huko huko. Katiba ya mwaka 2010 yasema kuwa mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, katika maisha ya ndoa na wakati wa kuachana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yaitambua ndoa ya kimila, yakataza kuoa au kuolewa kabla ya umri wa miaka 18, na yasema kwamba mahali mahari yatakiwapo ili kuthibitisha ndoa hiyo, kiasi kidogo kilicho ishara chatosha. Uzito wa mahari, basi, hauko katika wingi wa ng'ombe. Uko katika wajibu ambao koo mbili zimeukubali mbele ya watu.

Kijana usomaye maneno haya, siku moja utakaa katika baraza la posa, kwanza kama arusi, baadaye kama mzazi. Kabla ya kuuliza ni ng'ombe wangapi, uliza mambo mawili: Je, wameridhika wote wawili? Na siku ya dhiki, ni nani atakayesimama nao? Mila iwezayo kujibu maswali haya ni hazina kwa jamaa na kwa taifa. Mila isiyoweza kuyajibu yahitaji kutengenezwa, na kazi hiyo imo mikononi mwenu.