Tohara ni Sunna, ukeketaji si dini

 

Ndugu zangu Waislamu, hapa Karatu ninapofundisha, swali hili hunijia kila likizo ya Disemba inapokaribia: ikiwa sisi tunatahiri wavulana, tuna hoja gani ya kuwakataza jirani zetu wa Ngorongoro kukeketa mabinti? Tena wapo Waislamu wanaokeketa wakidai ni Sunna.

Swali hili linataka dalili, si hasira. Tohara ya mwanamume imo katika mambo matano ya fitra, kwa Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Faida yake imeonekana pia: majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionesha kuwa humpunguzia mwanamume maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 60.

Ama kwa mwanamke, Hadithi ya Ummu Atiyya inayotajwa sana, Abu Dawud mwenyewe aliyeipokea ameidhoofisha. Ni kweli, vitabu vyetu vya Kishafii vimeandika kuwa ni wajibu kwa wote. Lakini Mahanafi hawakuiwajibisha, na hao walioiwajibisha walikusudia kipande kidogo mno. Ngariba anakata kiungo kizima. Binti anavuja damu, anateseka katika uzazi, wengine wanakufa. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru. Ndiyo maana wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, Novemba 2006 walisema ukeketaji ni mila isiyo na msingi katika Qur'an wala Hadithi sahihi.

Sheria yetu ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 41 ya wanawake wa Mkoa wa Arusha wamekeketwa, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 10. Wengine sasa wanakeketa vichanga ili wasigundulike. Baba anampeleka binti kwa bibi, kisha anasema hakujua. Je, Siku ya Kiyama atasema hivyo hivyo?

Na kipimo hiki cha madhara kinatuhusu kwa wavulana pia. Kisu kimoja kutahiri watoto kumi si Sunna. Mpeleke mwanao hospitali angali mdogo.

Watoto ni amana, wavulana na wasichana. Tutaulizwa.