Mashimo Niliyoacha Kuyasikia

Fundi alikandamiza kona ya mbele ya gari kwa mikono miwili, akaliachilia, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayesubiri jibu. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena. Akahesabu kwa sauti.

"Moja, mbili, tatu... Bosi, hii haina shoki. Hii ni kitanda."

Tulikuwa Kirinyaga Road, Nairobi, ile barabara ambayo ukisimama dakika tano bila kusema unatafuta nini utakuwa umeshaulizwa na watu sita. Gari lenyewe ni Vitz ya mwaka 2008 aliyoniachia mjomba alipofariki. Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu 30, malipo ya makala nilizoandikia watu ambao majina yao ndiyo yaliyotokea juu ya makala hizo. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Kwa hivyo naweza kukueleza shokomzoba inavyofanya kazi ila siwezi kuajiriwa kuieleza.

Fundi akanipangia mambo matatu. Kwanza, shoki za mtumba kutoka Japani: bei nafuu, lakini hakuna ajuaye zimetembea kilomita ngapi huko zilikotoka. Pili, shoki mpya, zote nne, na elfu 30 yangu ingeishia hapo. Tatu, niache shoki kwa sasa, nipandishe gari. Kuna vipande vya raba ngumu, wanaviita spesa, vinavyowekwa juu ya springi. Gari linapanda inchi moja na nusu, na tumbo lake linaacha kukwaruza mawe. "Vijana wote wanapandisha," akasema. "Ukipandisha, matuta utayaona kwa mbali tu."

Nilimwomba dakika kumi, nikaenda kunywa chai kwa mama mmoja mwenye kibanda. Nilidhani nafikiria pesa.

Kumbe nilikuwa namfikiria Mwaitu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Mwaitu ana mgongo. Sisemi anaumwa mgongo, kwa sababu yeye mwenyewe hasemi hivyo. Anasema "niko na mgongo", kama vile mtu anavyosema ako na mpangaji asiyelipa na asiyehama. Kila mwezi namtoa nyumbani, ndani kabisa kutoka Tala, nampeleka kliniki. Kabla hatujafika lami ya Kangundo Road kuna kilomita 6 za murram. Anakaa kiti cha nyuma ili aweze kujinyoosha, akishika mkanda kwa mkono mmoja na paa kwa mkono mwingine. Hapigi kelele. Ila kila tukipiga shimo namsikia akivuta pumzi, na nimekuwa nikihesabu zile pumzi kama fundi alivyohesabu mitikisiko.

Hapo kwenye chai ndipo nilipokumbuka somo moja la chuo ambalo bado ninalo. Springi na shoki si kitu kimoja, ingawa watu wengi huziita kwa jina moja. Springi ndiyo inayobeba uzito na kuamua gari litasimama juu kiasi gani. Ikigongwa, haipotezi nguvu ya pigo, inaihifadhi kisha kuirudisha, ndiyo maana gari linaendelea kurukaruka. Shoki ndiyo inayoumaliza mchezo huo. Ndani yake kuna mafuta yanayosukumwa kupitia vitundu vidogo. Yanakataa kupita haraka, na katika kule kukataa, nguvu ya shimo inageuka kuwa joto. Ukigusa shoki nzima baada ya safari mbaya utaipata ina joto. Lile joto ni mashimo uliyoyapita.

Kwa maneno mengine, shimo halipotei kwa sababu gari ni zuri. Lazima kuna kitu kitakachokula lile pigo. Shoki isipolila, litakula bushi, litakula taya za chuma, litakula mgongo wa aliye nyuma. Kuchagua shoki ni kuchagua nani atabeba. Nikiwa na springi ngumu, naweza kubeba magunia ya maembe hadi soko la Tala bila gari kulalia nyuma, na nipate pesa kidogo. Ni Mwaitu atakayelipia ugumu huo. Nikipandisha kwa spesa, tumbo la gari litapona, lakini shoki zilizokufa zitabaki vilevile zimekufa, gari litakuwa juu zaidi na litayumba zaidi kwenye kona, na zile shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele zitafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa. Ningekuwa nimelinda chuma nikamwacha mtu.

Kuna gari la Kifaransa, Citroën 2CV, lililozinduliwa mwaka 1948. Wakati wa kulibuni, wahandisi waliambiwa walitengeneze kwa ajili ya wakulima: liweze kuvuka shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai, na yai lisivunjike. Napenda sana sharti hilo kwa sababu ya mahali lilipoanzia. Walianza na kilicho dhaifu zaidi ndani ya gari, kisha chuma kikatengenezwa kulifuata yai.

Nikalipa shoki mpya nne.

Ningependa makala haya yaishie hapo, mtoto mwema na mama aliyepona pumzi. Lakini kilichonifanya niandike kilitokea baadaye.

Mwezi wa kwanza nilikuwa kama mtu aliyeoa. Lile gari lilipita kwenye mashimo kama halijayaona. Mwaitu alilala njiani, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Nilipoona amelala nikaongeza mwendo kidogo. Mwezi uliofuata nikaongeza tena. Kwa murram ile ambayo zamani nilikuwa naenda 20, sasa nilikuwa naenda 50, na muziki juu.

Karibu katikati ya zile kilomita 6 kuna vijana wawili watatu ambao hujaza mashimo kwa udongo na mawe, kisha husimama kando na majembe yao wakinyoosha mkono. Wewe pia unawajua, wako kila mahali nchini. Wengine husema ni wao wenyewe huchimba usiku ili wajaze mchana. Sijui, sijawahi kulala pale. Ninachojua ni kwamba zamani nilikuwa nikifika kwao napunguza mwendo kwa sababu sikuwa na la kufanya, na nikishapunguza, nilikuwa natoa bob 20 au 50, tunasalimiana, mmoja anamuuliza Mwaitu habari ya mgongo. Siku moja nilisimama kununua maji pale karibu, na mmoja wao, kijana mdogo kwangu kwa miaka michache, akanisogelea bila hasira akaniambia:

"Brathe, siku hizi hata husimami. Gari imekuwa mzuri."

Sikuwa na jibu. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimeamua kuacha kuwapa. Niliacha tu kuyasikia mashimo, na nilipoacha kuyasikia nikaacha kuwaona waliokuwa wakiyajaza.

Basi swali ninalolibeba tangu siku ile ni hili: kuna ubaya gani mtu akijitengenezea starehe mahali ambapo wengine bado wanaumia?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna. Pesa ni yangu, mama ni wangu. Tena barabara nimeshailipia. Katika kila lita ya petroli ninayonunua kuna shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Zilikuwa 18 hadi Julai 2024, zikapandishwa. Kwa hivyo nililipia barabara pale kituoni, nikailipia tena Kirinyaga Road kwa umbo la shoki, na bob 50 ya wale vijana ni mara ya tatu. Anayepaswa kuulizwa anajulikana, na si mimi mwenye Vitz.

Nilimweleza Mwaitu wasiwasi wangu, kwamba pengine starehe imenifanya mtu mbaya. Alinitazama kwa muda. "Kwa hivyo ulitaka mimi niendelee kuumia ndio wewe ukumbuke barabara ni mbaya?" Nikanyamaza. Ana haki. Kuna watu, hasa sisi wa kuandika, tunaopenda maumivu ya wengine yabaki pale yalipo ili tuwe na la kusema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya murram aijuaye aliye kiti cha nyuma. Si haki kumfanya yeye kuwa kengele yangu.

Hata hivyo, lile jibu la haraka linaacha kitu nje. Ukiendesha kwenye barabara ya vumbi utaona makunyanzi, ile mistari ya mawimbi inayolitetemesha gari mpaka meno yanagongana. Nilikuwa nikidhani ni mvua au trekta. Kumbe ni sisi. Gurudumu likipita kwa kasi juu ya udongo mkavu uliolegea, linarukaruka kidogo, na kila linapotua linasukuma udongo na kuacha kiwimbi. Gurudumu linalofuata linaruka palepale na kukiongeza. Ukienda polepole vya kutosha, mawimbi hayo hayajengeki. Ni mwendo unaoyazaa. Na mimi mwendo wangu niliupata wapi? Niliununua pamoja na zile shoki. Kwa hiyo starehe yangu haikuwa imekaa tu kimya ndani ya gari langu. Ilikuwa ikitoka kupitia magurudumu, ikichora makunyanzi, na aliyekuwa akiyapanda nyuma yangu ni mwanamke aliyeketi kwenye bodaboda na mtoto katikati.

Sisemi Vitz yangu ndiyo iliyoharibu barabara ile. Malori ya mchanga yanayopita huko kwenda kujenga Nairobi yanafanya kwa siku moja kazi ya uharibifu ambayo mimi sitaimaliza maishani. Nasema tu kwamba sehemu yangu, hata ikiwa ndogo, niliizidisha siku ile ile nilipoacha kuhisi sehemu yao.

Nadhani hivi ndivyo nchi inavyokwenda, kidogo kidogo, bila mtu kuamua kuwa mkatili. Mtu ananunua tangi la maji, na mfereji uliokauka unakuwa habari ya jirani. Ananunua jenereta, na giza linakuwa la jirani. Anayepanga bajeti ya barabara anapita juu yake ndani ya gari refu lenye magurudumu makubwa, na kwa kweli, akikwambia hajaona tatizo, huenda hasemi uongo. Gari lake limemficha. Hakuna ubaya kujikinga na pigo. Ubaya unaanza pale ninapouchukua ulaini wa kiti changu kama ushahidi kwamba barabara iko sawa.

Magurudumu ya nyuma ya Vitz yameunganishwa na chuma kimoja kinachokubali kupinda. La kushoto likiingia shimoni, la kulia linavutwa kidogo. Fundi aliponionyesha nilimuuliza kwa nini wasiyatenganishe, kila moja lijitegemee. Akasema kutenganisha ni gharama, na kwa gari la kila siku, si vibaya moja lijue mwenzake amepatwa na nini.

Shoki sijazitoa, na sitazitoa. Nilichobadilisha ni mguu wangu wa kulia. Kwenye murram narudi 25, hata kama gari linaniambia linaweza zaidi. Na mkutano wa chifu kuhusu ile barabara, ambao miaka yote niliupita nikisema ni maneno tu, nilienda mara moja. Yalikuwa maneno tu, kwa saa tatu. Nitaenda tena.

Mwezi uliopita tulikuwa tukienda kliniki. Mwaitu alikuwa macho, akitazama nje. Tulipowapita wale vijana kidogo, akaniuliza kutoka nyuma, "Hawa si ndio wale wa lile shimo kubwa? Mbona sijalisikia?"

"Liko, Mwaitu. Tumelipita sasa hivi."

Akafungua fundo la leso yake, akatoa noti ya 50, akanigusa bega.

"Rudi nyuma."