Nguvu za Kuazima

Kaptagat mtu hupimwa kwa miguu yake. Huku, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, ndiko Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi miaka na miaka. Alfajiri barabara ya vumbi huwa ya wakimbiaji, na wewe unayetembea unawapisha.

Sasa fikiria mtu aliyemaliza matibabu ya saratani pale Eldoret, akarudi nyumbani huku. Tibakemikali imeisha, misuli nayo imeisha. Kwenda dukani kununua maziwa ni marathoni yake. Binamu kutoka mjini anamletea mkebe wa kreatini, ile poda ya watu wa jimu. Swali linakuja: akipata nguvu, zitakuwa nguvu zake kweli ama za kuazima?

Si swali la kijinga. Kwa jirani aliyeona wanariadha wakifungiwa kwa dawa za kusisimua misuli, poda yoyote ina harufu ya kashfa. Lakini kreatini haiko kwenye orodha ya marufuku ya WADA. Mwili wenyewe huitengeneza, karibu gramu 1 kwa siku, na nyingine tunaipata kwa nyama na samaki. Mfaransa Chevreul aliitoa kwenye nyama mwaka 1832. Kwa hiyo mgonjwa wetu haongezewi kitu kigeni.

Halafu, udanganyifu unahitaji mtu wa kudanganywa. Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 akisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo. Haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, na ni sawa, kwa sababu rekodi ni ahadi kati ya washindani. Lakini nani alisema ile miguu haikuwa yake? Anayepona hana mpinzani wa kumwibia medali. Sheria ya mashindano haimhusu hata kidogo.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwa aibu. Mtu akiona poda ni wizi, ataificha. Na hapo ndipo mambo huharibika. Kreatini ikivunjika mwilini huwa kreatinini, na hiyo ndiyo daktari huangalia kwenye damu kujua kama figo ziko sawa. Baadhi ya dawa za saratani, kama sisplatini, zinaweza kuumiza figo. Ukinywa kimyakimya, kipimo kinaweza kupanda na daktari asijue anasoma ugonjwa ama anasoma mkebe wako. Na kama figo zimeshaumia, pengine hiyo poda si yako kabisa.

Tena tusiuziane ndoto. Utafiti kwa watu wanaopona saratani bado ni mdogo na matokeo hayajakubaliana. Hata kwa mtu mzima wa afya, poda bila mazoezi haifiki mbali, na mkebe mmoja unaweza kula pesa za mayai na maharagwe ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo mimi nasema nguvu zote ni za kuazima: za chakula, za usingizi, za mama anayekushika mkono ukipanda kilima. Usione haya kuazima. Ila mwambie daktari umeazima nini, kabla hajakutoa damu.