Mchai Usiochumwa

 

Utazame mchai. Ukichumwa, unachipua. Ukichumwa tena, unachipua tena. Sasa uache. Usiuguse. Utapanda juu, utakuwa mti, na mchumaji hataufikia.

Nasema nawe uliyemaliza chuo, usiwe kama mchai huo. Vyeti viko kwenye bahasha. Barua umetuma. Simu haijalia. Na jirani ana kibarua cha kuchuma chai. Au sokoni wanatafuta mtu wa kupakia viazi. Au duka la mbolea linataka mtu wa kuandika hesabu hadi msimu uishe. Unasema, mimi nina diploma.

Diploma haitapungua, ndugu yangu. Haitachujuka kwa jasho.

Kibarua kinakupa nauli ya kwenda kwenye mahojiano. Kinakupa mtu wa kusema, huyu namjua, anafika mapema. Kinakuweka mahali habari za kazi zinapopita, maana nyingi hazifiki gazetini. Hupita midomoni mwa watu. Kinakuamsha alfajiri, na hilo si dogo.

Sisemi malipo ni mazuri. Mara nyingi si mazuri. Uliza ujira kabla ya kuinua gunia. Na jioni, hata kama mgongo unauma, tuma barua nyingine.

Ila leo ukiitwa, nenda. Ukimaliza, mwombe msimamizi namba yake ya simu. Mwajiri ajaye atauliza ni nani anayekufahamu.