Mizani Ishikwe na Nani?

Kwetu Nyamahanga kila msimu wa maharage tunachezewa mchezo uleule. Mnunuzi anakuja na debe lake mwenyewe, limegongwa kitako mpaka limeota kitambi. Akitaka gunia, analeta lumbesa, lile lenye kilemba juu. Sheria ya vipimo imekataza lumbesa, lakini njaa haisomi sheria. Mzee mmoja jirani yetu huwa anauliza swali moja, halafu anauza hivyohivyo: "Bwana mkubwa, mbona mizani unakuja nayo wewe?" Tangu utotoni nililiona swali la maharage tu. Siku hizi naona ni swali la binadamu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, na matokeo hayakunipeleka mbele. Nikabaki nyumbani na jembe la mama, na kaunta buku ninamoandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Ndipo likaja shirika moja na programu ya stadi za maisha kwa vijana walio nje ya shule: kujitambua, kufanya maamuzi, kukataa vishawishi, kupanga matumizi ya pesa. Jumamosi kumi na mbili, chini ya mwembe, mwezeshaji na bango kitita lake. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, niliajiriwa kujaza madodoso: maswali ishirini kabla ya mafunzo, yaleyale ishirini mwisho wa mafunzo, na tena baada ya miezi sita. Nililipwa kwa fomu.

Kulikuwa na binti mmoja ambaye sitamtaja. Baada ya mafunzo alijibu maswali yote ishirini bila kukwama. Nilipomuuliza kama anaweza kumkataa mtu mzima anayemshawishi kwa zawadi, alisema "Ndiyo" kwa sauti ya darasani. Nikaweka alama ya vema. Nilipokuwa nafunga faili akaniuliza: "Sasa kaka, yule mwenye duka anayetukopesha unga na sabuni, nikishamkataa, mama akakope wapi?"

Niliitazama fomu. Palikuwa na nafasi ya jina la kitongoji, nafasi ya umri, hata nafasi ya sahihi yangu. Nafasi ya swali lake haikuwepo. Nikamwambia, "Utajitahidi tu, dada." Nikaondoka.

Miezi sita ilipopita nilirudi. Mama yake akaniambia binti yuko Katoro, anafanya kazi za ndani. Jirani akasema ameolewa. Maelekezo yalitaka nimtafute mara tatu. Mimi nilikwenda mara moja, nikaandika "amehama". Na siku hiyohiyo mvua ilinyesha, njia haipitiki, nikakaa barazani kwa mtu nikajaza fomu mbili za vijana ambao sikuwaona kabisa. Majibu yao niliyatunga. Niliwapa majibu mazuri, kwa sababu majibu mazuri hayana anayeyauliza maswali.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Mimi nataka kuwa mtunzi. Kutunga mtu asiyekuwepo ndiyo kazi ninayoiota. Lakini msomaji wa riwaya anajua anasoma riwaya. Yule atakayesoma taarifa ile atadhani anawasoma vijana wa Nyamahanga. Nilichofanya kilikuwa kugonga debe kitako.

Kuna rafiki yangu, naye anaandika andika mashairi, akanipinga. Alisema, "Kwani wema unapimwa? Wahenga walisema tenda wema nenda zako." Hoja yake ilinisumbua kwa siku kadhaa. Ni kweli, mtu akikupa maji njiani haji kesho kupima kiu yako. Lakini yule ametoa maji yake, naye hakukuchukulia kitu. Programu inachukua. Vijana wale walitoa Jumamosi kumi na mbili, nyingine wakati wa palizi. Walitoa siri zao. Waliamini kwamba mambo yatabadilika. Anayechukua vitu hivyo ana deni la kujua kama alichorudisha kinalingana. Kwa hiyo kipimo ni deni, na mdai wa kwanza ni yule binti. Mfadhili yuko nyuma yake kwenye foleni.

Basi nikatafuta kama wapo waliowahi kulipa deni hili. Sikwenda mbali. Huku Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na miaka iliyofuata elimu kwa vijana ilionekana ndiyo silaha. Jirani zetu wa Mwanza, wakati huo Geita ikiwa bado ndani ya mkoa huo, walianzishiwa mwaka 1999 programu iliyoitwa MEMA kwa Vijana. Jamii zilikuwa 20. Kumi zilipata mafunzo ya darasa la tano hadi la saba na vituo vya afya vinavyowapokea vijana vizuri. Kumi nyingine zilibaki kwa kulinganisha. Watafiti hawakutosheka na majibu ya mdomo. Walipima damu na mkojo.

Miaka ikapita. Mwaka 2007 na 2008 walirudi wakawapima vijana 13,814. Maarifa yalikuwa bado juu kwa wale waliofundishwa. Lakini kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi, na kwa mimba, hawakuona tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Tena katika utafiti huohuo walionekana vijana waliosema hawajawahi kukutana kimwili na mtu, ilhali vipimo vilionyesha ugonjwa wa zinaa au mimba. Kwa wasichana, mazungumzo marefu ya ana kwa ana yalifichua ukweli kuliko dodoso.

Hebu fikiria, ndugu msomaji. Watu wamefanya kazi karibu miaka tisa, kisha wanachapisha mbele ya dunia kwamba lile walilolitumainia zaidi halikutokea. Wangeweza kuishia kwenye maarifa, maana huko walishinda. Mimi nawavulia kofia. Mizani yao iliruhusiwa kusema hapana.

Wala jibu si kwamba mafunzo ni bure. Nchini Uganda vilabu vya wasichana vya BRAC vilifundisha stadi za maisha pamoja na ufundi wa kujipatia kipato. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba baada ya miaka minne mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya theluthi moja katika jamii zenye vilabu. Vilabu vya aina hiyohiyo vilipoletwa Tanzania, matokeo kama hayo hayakuonekana. Watafiti walitaja uhaba wa nyenzo na namna vilivyoendeshwa. Jina moja, nia moja, lakini unga haukuwa mmoja. Bila kupima, nani angejua?

Nikiyaweka hayo kando ya swali la binti yule, naona alikuwa ameshatoa taarifa yote kwa sentensi moja. Alijua kukataa. Alichokosa ni mahali pa kukopa unga baada ya kukataa. Dodoso lilipima kinywa chake, wakati maisha yake yalikuwa dukani.

Nilikwenda kumweleza msimamizi habari za fomu mbili na ile ya "amehama". Alinisikiliza kwa heshima. Alizitoa fomu kwenye hesabu, na mimi nikatolewa kwenye kazi. Haki yake. Kabla sijaondoka nilimwomba mambo mawili: fomu ijayo iwe na mistari mitupu ambapo anayeulizwa naye atauliza, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajapanda basi kwenda mjini. Aliandika. Kama yatafanyika sijui.

Juzi nilimkuta mama wa binti akipima maharage kwa mnunuzi. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitika, kisha akaniuliza kama ile karatasi yangu ina habari yoyote ya mwanawe. Karatasi ambayo niliandika neno moja, nikalipwa.

Sikuwa na la kumjibu. Wewe ungemjibu nini?