Nani Zaidi?

Mwezi wa Juni mwaka 2021 Safari Rally ilirudi katika ubingwa wa dunia, baada ya kukosekana humo tangu mwaka 2002. Niliketi mbele ya televisheni pamoja na mjukuu wangu tukitazama magari yakitimua vumbi kule Naivasha. Aliyeshinda ni Sébastien Ogier, Mfaransa. Mjukuu wangu ni mpenzi wa langalanga, yaani Formula One, na kwake vumbi lile halikuwa na maana kubwa. Akaniuliza, "Babu, huyu ukimweka na Lewis Hamilton, nani zaidi?"

Nilifungua kinywa nimjibu upesi, kama sisi wazee tunavyopenda, kisha nikakwama. Kijana alidhani sijui habari za Hamilton. Kumbe swali lake lilikuwa limegusa kidonda cha zamani, ambacho hakikutokana na mashindano ya magari hata kidogo. Nitakieleza, lakini naomba msomaji anivumilie kwanza nizungumzie magari, maana ni kwa kuyafikiria magari ndipo nilipoanza kuelewa kosa langu.

Watu wa rika langu wanamkumbuka Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, akaja Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na mwaka uliofuata akashinda Safari. Akaishinda tena mwaka 1979, na 1980, na 1981, na 1982. Katika mbio hizo za mwaka 1982, aliyemaliza wa pili nyuma yake alikuwa Mjerumani Walter Röhrl, ambaye mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya pili. Röhrl hakupata kuishinda Safari maisha yake yote. Mehta naye, ushindi wake wote mitano katika ubingwa wa dunia aliupata kwenye Safari. Kwingineko hakushinda hata raundi moja.

Basi nani zaidi? Anayempenda Mehta atasema alimshinda bingwa wa dunia ana kwa ana. Anayempenda Röhrl atasema Mehta alikuwa jogoo wa nyumbani. Nimeyasikia mabishano haya kwenye vilabu na vinyozi, na kila upande una hoja. Lakini tazama kazi yenyewe. Safari ya siku zile ilikuwa maelfu ya kilomita, wakati wa Pasaka, mvua za masika zikianza, katika barabara ambazo hazikufungwa: unakutana na lori, na ng'ombe, na basi la abiria lililonasa katika udongo mweusi. Aliyeshinda hakuwa lazima yule mwenye mwendo mkali kuliko wote. Alikuwa yule aliyejua mahali pa kuacha mwendo. Huko Ulaya barabara ilifungwa, vipande vilikuwa vifupi, na sekunde moja iliyopotea kwenye kona ilikuwa hasara ya kweli. Sisi tuliyaita yote mawili kwa jina moja, "udereva", kisha tukashangaa kwamba jina moja halitupi jibu moja.

Magari nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2019 uwanja wa Austin, Texas, ulitembelewa na magari ya aina mbili. Mwezi wa Machi walikuja IndyCar wa Marekani, na aliyekuwa na kasi zaidi katika kupanga nafasi za kuanzia, Will Power, aliuzunguka kwa dakika 1 na sekunde 46. Mwezi wa Novemba wakaja Formula One, na Valtteri Bottas akauzunguka kwa dakika 1 na sekunde 32. Sekunde 14 katika mzunguko mmoja! Mwenye haraka atafunga mjadala hapo. Lakini mpeleke kwenye uwanja wa Indianapolis, ule wa duara refu. Mwaka 1996 Arie Luyendyk aliendesha pale mizunguko 4 ya kupanga nafasi kwa wastani wa zaidi ya kilomita 381 kwa saa. Hamilton, kwa mzunguko wake wa Monza wa mwaka 2020 uliovunja rekodi ya Formula One, alipata wastani wa kilomita 264 kwa saa. Sasa gari lipi lina mbio? Gari la Formula One limeundwa likamate lami kwenye kona na kusimama ghafla. La Indianapolis limeundwa lisisimame kabisa. Kasi haimo ndani ya gari kama maji yaliyomo mtungini. Imo kati ya gari na barabara, na ukibadilisha barabara umebadilisha kasi.

Kuna waliodhani njia ya kupata hukumu ni watu wabadilishane. Mwaka 1993 jambo hilo lilitokea bila mtu kulipanga kama jaribio. Nigel Mansell, bingwa wa Formula One wa mwaka 1992, alikwenda Marekani na kuchukua nafasi ya Michael Andretti katika timu ya Newman/Haas. Andretti, bingwa wa kule wa mwaka 1991, alikwenda McLaren kuwa pamoja na Ayrton Senna. Mansell akawa bingwa katika mwaka wake wa kwanza ugenini. Andretti alianguka mbio baada ya mbio, akapata nafasi ya tatu kule Monza, kisha akarudi kwao kabla msimu haujaisha. Watu wa Ulaya walicheka sana. Walisema sasa imejulikana.

Imejulikana nini? Mansell aliingia katika timu iliyokuwa tayari inajua kushinda. Andretti aliingia katika gari lenye mitambo ya elektroniki ambayo hakuizoea, katika viwanja asivyovijua, mwaka ambao kanuni zilipunguza mizunguko ya mazoezi. Na wale waliocheka ilibidi wanyamaze mwaka 1997, wakati Jacques Villeneuve, aliyekuwa bingwa wa Marekani mwaka 1995, alipotwaa ubingwa wa Formula One. Mwaka 1999 wakacheka tena: Alex Zanardi, bingwa wa Marekani mara mbili mfululizo, alimaliza msimu mzima ndani ya Williams bila pointi hata moja. Kila mara walikuwa na uhakika, na kila mara uhakika wao ulidumu mpaka mtu mwingine alipovuka.

Hata mtu mmoja hawezi kulinganishwa na yeye mwenyewe kwa urahisi. Fernando Alonso alikwenda Indianapolis mwaka 2017, akaongoza mbio kwa mizunguko 27 mpaka injini ilipomfia. Mwaka 2019 alirudi uwanja uleule, kwa timu nyingine, akashindwa hata kupata nafasi miongoni mwa magari 33 ya kuanza mbio. Mikono ilikuwa ileile.

Hapa msomaji anaweza kusema: basi tuache kulinganisha, kila mtu ni hodari kwa namna yake. Sikubaliani. Maneno hayo yana adabu, lakini ni adabu ya mtu asiyetaka kutazama. Madereva hawako sawa. Sébastien Loeb, bingwa wa rali wa dunia mara 9, alikwenda Le Mans mwaka 2006, mbio za saa 24 kwenye lami, na timu yake ikamaliza ya pili. Kimi Räikkönen, bingwa wa Formula One wa mwaka 2007, alishiriki rali mwaka 2010 na 2011, na nafasi yake bora ilikuwa ya tano. Kuna kitu mtu anavuka nacho na kuna kitu anakiacha ng'ambo, na vitu hivyo havilingani kwa watu wote. Isitoshe, kuna mahali ambapo hatuna ruhusa ya kukaa kimya. Mwenye timu ana kiti kimoja na waombaji wawili. Lazima achague, na kuchagua ni kulinganisha.

Mimi pia niliwahi kuwa na kiti kimoja.

Mwaka 1988 nilikuwa ofisa usafirishaji katika kampuni ambayo sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Ilipatikana nafasi ya msimamizi wa madereva, nikaambiwa nipendekeze jina. Walibaki wawili. Mmoja aliendesha lori jipya kati ya Nairobi na Mombasa, lami mwanzo hadi mwisho. Wa pili, mtu mzima kidogo kuliko mimi, alipeleka mizigo Marsabit na Moyale. Wakati huo lami ilikuwa bado miaka mingi kufika huko. Nilichukua madaftari ya safari, nikapiga hesabu: lita za mafuta kwa kilomita, siku za kuchelewa, matairi, springi zilizovunjika. Wa kwanza alimshinda mwenzake katika kila safu. Nilijivunia hesabu yangu kwa sababu haikuwa na upendeleo wala ukabila. Nikaandika jina lake.

Yule wa pili alipopata habari hakulalamika. Alikuja ofisini, akaweka funguo mezani kama desturi, akauliza, "Bwana, wewe umewahi kufika huko kwetu?" Nikasema bado. Akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Nilifika mwaka 1991, nilipotumwa kukagua bohari la Marsabit na kuendelea mpaka Moyale. Nilipanda lori lake. Katika jangwa la Dida Galgalu, penye mawe meusi kila upande mpaka macho yanachoka, alikuwa akisimama, anazima injini, anagusa kila tairi kwa kiganja ili ajue limepata joto kiasi gani, na utingo wake anagonga springi kwa nyundo akisikiliza mlio. Mahali pamoja barabara ilikuwa imeliwa na maji. Aliniambia kwamba pale ndipo alipovunja springi ya mwaka 1987. Alipanda juu ya jiwe kwa makusudi, maana upande wa pili lori lingepinduka na mzigo wote na watu. Springi ile niliikumbuka. Ilikuwa katika safu yangu ya nne. Kwenye daftari langu lilikuwa kosa lake. Pale jangwani ilikuwa ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya, nami nilikuwa nimemtoza kwa ajili yake.

Alistaafu akiwa dereva, na malipo ya uzeeni ya dereva. Tofauti hiyo ya fedha naijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika mishahara ile.

Miaka kadhaa baadaye nilimtembelea kwake Isiolo. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, na niliomba. Nilimwambia nilimpima kwa barabara ya mwenzake. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwagiza binti yake alete chai.

"Mimi ulinikosea, sawa," akasema. "Lakini na yule mwingine je? Yeye hukumleta huku hata siku moja. Labda angeweza. Naye pia hukumpima."

Nilikuwa sijaliwaza hilo. Kwa miaka yote nilikuwa nikijilaumu kwamba nilimchagua asiyestahili, na huo nao ulikuwa ulinganisho uleule, nimeugeuza tu kichwa chini. Sikuwa na la kusema. Chai ikaja, ya maziwa ya ngamia, na mzee akaanza kuniuliza kama ni kweli kwamba tairi la lori sasa ni bei ya ng'ombe wawili.

Mjukuu wangu bado anasubiri jibu. Nimemwambia nitampeleka Naivasha akaione barabara kwanza.