Mwigizaji na Mwanamke Asiyesifika

Je, ni haki mwigizaji wa kike kuwavutia watazamaji kwa dhambi za mwanamke mwingine? Swali hili nililisikia Mbeya, katika ukumbi wa shule, mzazi mmoja alipomkuta bintiye akijifunza kushika nafasi ya Bibi Makbeth, katika mchezo wa Shakespeare uliofasiriwa na S. S. Mushi mwaka 1968. Binti alikuwa akimchochea mumewe amwue mfalme, tena mfalme aliyekuwa mgeni wao. Mzazi hakuudhika kwa sababu uovu umetajwa; mahubiri huutaja kila wiki. Aliudhika kwa sababu umesemwa vizuri.

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo, uovu usemwao vibaya haumwonyi mtu, maana hakuna aliyepata kushawishiwa na adui anayejitangaza. Mwigizaji amhukumuye mama huyo kabla ya kupanda jukwaani hutuonyesha hukumu tu. Mtu mwenyewe hatumwoni.

Ugumu huzidi tufikapo kwenye historia. Mtu wa kubuniwa hana wajukuu. Nduna Mkomanile wa Ungoni aliipokea dawa ya Maji Maji, na mwaka 1906 Wajerumani wakamnyonga huko Songea pamoja na viongozi wenzake. Twamheshimu, na ndivyo ipasavyo. Lakini dawa ile haikuzuia risasi, na njaa iliyofuata vita iliangamiza watu wengi mno. Mwigizaji ayanyamazie hayo? Akituonyesha ushujaa mtupu atakuwa ametuchongea sanamu. Kwa upande mwingine, akimtia mama huyo kinywani maneno ya majuto, ameyapata wapi?

Katika Iringa jambo hili halichezewi. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake, na wapo wanaoisikiliza historia kama habari za jamaa zao. Mbele ya watazamaji wa namna hiyo, neno la kubuni huweza kupokewa kama ushahidi. Kwa hiyo mimi ningemruhusu mwigizaji wa Mkomanile aonyeshe shaka kwa kimya chake, wala si kwa hotuba. Kwa Bibi Makbeth na awe huru kabisa.

Yule mzazi alikuja siku ya mchezo. Aliketi nyuma, karibu na mlango. Bintiye alipofika pale Bibi Makbeth asuguapo mikono isiyotakata, watu wengine walicheka. Yeye aligeuka akawaambia wanyamaze.